Kinyago Kilichonyang'anywa Mtani

Nchi ninayotaka kuisimulia sitaitaja jina, kwa sababu kulitaja jina lake bila kusimama ni kosa, na mimi ninaandika nimekaa. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, ina mito na milima, na ina Wizara ya Urithi, Adabu na Makofi. Mimi nimeajiriwa upande wa makofi. Ni mpiga makofi wa serikali, daraja la kwanza. Sisemi hivi kwa kujigamba, ila msomaji ajue kuwa haya yote niliyaona kwa macho yangu, maana alipo mkubwa sisi tupo, tena mstari wa mbele.

Wasiojua hudhani kazi yetu ni kugonganisha viganja tu. Laiti ingekuwa hivyo! Kuna makofi ya kumkaribisha mkubwa, yanayoanza taratibu kama mvua kwenye bati. Kuna makofi ya kumwokoa, yanayopigwa pale anaposahau alichotaka kusema. Kuna makofi ya kilo, ambayo hayapigwi mpaka bosi wetu ainue kidole, kwa sababu yakipigwa ovyo yanaweza kumtia mkubwa kiburi kabla ya wakati uliopangwa. Kila asubuhi hupaka viganja vyangu mafuta ya nazi. Mke wangu anasema mikono yangu ni laini kuliko ya bibi harusi, na huwa hacheki anaposema hivyo.

Waziri wetu alikuwa Mheshimiwa Daktari Liberati Kashindye. Enzi hizo alikuwa mwanamume wa kujaza mlango. Akiingia ofisini, mwanga wa koridoni ulikuwa unasubiri apite kwanza ndipo na wenyewe uingie. Mkewe, Bi Tasiana, alikuwa mama mpole mwenye macho ya usingizi, na alimpenda mumewe waziwazi, jambo lililowatia wake wa mawaziri wengine aibu kidogo.

Sasa, habari yenyewe inaanza siku kilipofika kinyago.

* * *

Kinyago hicho kilichukuliwa na wageni zamani, wakati wa kuchukuliwa vitu. Wakakihifadhi huko kwao miaka na miaka, mpaka walipohitaji nafasi ya kupanua mgahawa wa makumbusho yao, ndipo dhamiri ikawasuta wakakirudisha. Kiliteremka uwanja wa ndege kwa gwaride na mizinga. Bendi ilipiga wimbo wa taifa kisha ikaurudia, kwa kuwa sanduku lilichelewa kufunguliwa.

Sanduku lilipofunguliwa, tulisogea wote kutazama. Kilikuwa ni gogo moja tu la mpingo, refu kama mtoto wa darasa la tatu, lakini ndani ya gogo hilo mlikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa Mtemi wa kale, ameketi kwenye kigoda, kidevu juu, tumbo mbele. Wa pili alisimama ubavuni kwake, kiwiko chake kimeungana na bega la Mtemi, na alikuwa anacheka. Si kutabasamu, kucheka, meno yote nje mpaka magego, huku kidole chake kikionyesha lile tumbo la Mtemi.

Mheshimiwa Waziri alikizunguka kinyago mara kadhaa, mikono nyuma.

"Huyu anayemcheka Mtemi ni nani?" aliuliza.

Mhifadhi Mkuu wa makumbusho, Bwana Onesfori, mtu mwembamba mwenye tabia ya kujibu kile alichoulizwa, akasogea mbele. "Ni mtani wake, Mheshimiwa."

Tulishusha macho. Neno hilo lilikuwa halijasikika hadharani kwa muda mrefu.

Hapa niwaeleze wageni. Kwetu, kila ukoo ulikuwa na ukoo mwingine wa kutaniana nao. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukuambia lolote mbele ya yeyote, na kukasirika kwako kulihesabiwa kuwa ni utoto. Msibani ndiko watani walikotamba zaidi. Waliiga mwendo wa marehemu, walilala kaburini wakikataa kutoka, waliwasema wafiwa mpaka waliokuwa wakilia wakacheka huku machozi yanawatoka. Ilikuwa desturi ya kishenzi, na Mheshimiwa Kashindye mwenyewe ndiye aliyeifuta kwa Sheria ya Staha. Aliipeleka bungeni wiki ile ile aliyotoka kumzika mama yake. Kuna jambo mtani wake mmoja alilisema pale kaburini, na tangu siku hiyo nchi nzima ikawa na staha.

"Mtoeni," alisema Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, hatoki," alisema Onesfori. "Ni mti mmoja."

"Msumeno upo?"

Onesfori akasogea karibu na kinyago. "Mheshimiwa, naomba radhi. Wachongaji wa kinyago hiki waliacha neno. Walisema Mtemi asiachwe peke yake na wanaomsifu. Mtani wake akiondolewa, mkubwa yeyote atakayesifiwa uongo mbele ya kinyago hiki, kila sifa itamla kidogo. Mheshimiwa, ni laana."

Kisha Mheshimiwa akacheka, na sisi tukacheka nyuma yake kwa mpangilio.

"Laana hiyo ni ya sifa za uongo," alisema, "au siyo? Inamhusu anayesifiwa uongo. Mimi nani amewahi kunisifu uongo?"

Tulitazamana. Kwa kweli hakuna aliyejitokeza. Bosi wetu akainua kidole, tukapiga makofi ya kilo, na fundi seremala akaletwa.

Nakumbuka msumeno ulivyopita kwenye kile kiwiko. Gogo lilitoa sauti, na seremala akasema mpingo mkavu ndivyo ulivyo. Mimi si mtaalamu wa mbao, lakini niliisikia kama sauti ya mtu aliyekatizwa katikati ya kicheko. Mtani wa mti alitupwa stoo, kifudifudi, na Mtemi akabaki peke yake ndani ya kabati la vioo, ametulia na staha yake.

* * *

Uzinduzi ulifanyika mbele ya kabati hilo. Mshereheshaji alikuwa na sauti ya kuuzia maandazi mji mzima. Alianza na itifaki, akaizingatia, akaizingatia tena kwa niaba ya waliochelewa, kisha akamgeukia mgeni rasmi.

"Mabibi na mabwana! Mbele yenu ni Simba wa Urithi! Mlezi wa Wajane! Daktari wa Falsafa ambaye falsafa yenyewe humwamkia shikamoo!"

Tulipiga. Mheshimiwa alinyanyuka kushukuru, na mikono ya koti lake ikamfunika vidole.

Nilidhani fundi cherehani amekosea. Mshereheshaji naye hakuona kitu, akaendelea: "Mtu asiyelala kwa ajili yetu! Mtu asiyejua kosa, na kosa lenyewe halimjui!" Suruali ikajikunja juu ya viatu. Kufikia "Nguzo ya Taifa" Mheshimiwa alikuwa anachungulia juu ya kipaza sauti, na mtu mmoja wa itifaki akamletea kreti la soda apande.

Nadhani mahali pengine hafla ingesimamishwa. Kwetu tuna huruma. Tulipoona mkubwa wetu amefadhaika, tulifanya kile ambacho kila mmoja wetu angependa kufanyiwa: tulimpa moyo. Tulimwambia amependeza. Tulimwambia hajawahi kuonekana mkubwa kiasi kile. Tulimpa moyo mpaka kreti likahitaji kreti lingine juu yake.

Kesho yake wizara ilitoa tamko fupi. Ilisema Mheshimiwa Waziri hajapungua kwa namna yoyote, bali mazingira yanayomzunguka yameongezeka kutokana na juhudi zake mwenyewe. Waandishi wa habari walilipokea vizuri. Mmoja aliuliza kama mazingira yataendelea kuongezeka, akajibiwa kuwa bajeti ya mwaka ujao imelizingatia hilo.

Kazi zikaendelea. Seremala alipita kila ofisi akikata miguu ya viti ili mtumishi asikae juu kuliko waziri wake. Sisi wengine tulifundishwa kutembea tumeinama, na wazee wengi wa idara walisema inasaidia mgongo. Ikaundwa pia Hafla ya Kila Siku ya Kumtakia Mheshimiwa Afya Njema, na ikaamuliwa ifanyike pale makumbusho, mbele ya kinyago, kwa sababu pana viyoyozi. Kila siku tulimtakia afya njema kwa sifa mpya. Kila siku alirudi nyumbani nguo zikimpwaya zaidi.

Mkubwa wa Wakubwa mwenyewe alialikwa kuja kukiona kinyago. Bahati mbaya alikumbuka ghafla safari ya nje, na tangu hapo amekuwa akituma pongezi zake akiwa mbali.

Bi Tasiana ndiye aliyemleta mumewe kazini. Mwanzo alimshika mkono wakivuka barabara. Baadaye akawa anamweka mgongoni kwa mbeleko, na watu wa itifaki wakagombana asubuhi nzima kuhusu bendera ya gari: ipepee kwenye gari au kwenye mbeleko? Ikaamuliwa ipepee kwenye mbeleko. Basi mama yule alipita kati yetu na kijibendera begani, anatabasamu kwa kila mtu, na macho yake mekundu. Niliyaona, nikafikiri ni vumbi.

* * *

Siku moja baada ya hafla, nilikuwa nimebaki ukumbini nikinyoosha vidole, nikamwona Bi Tasiana amemkabili Onesfori karibu na kabati la vioo. Mheshimiwa alikuwa amelala kwenye mkoba wa mkewe, kichwa juu ya kitambaa cha mkono. Alikuwa na urefu wa chupa ya soda.

"Baba, mimi sikuja kukushtaki," Bi Tasiana alimwambia Onesfori. "Niambie tu. Mume wangu anarudije?"

Onesfori alitazama milango. "Mama, mimi nina watoto."

"Na mimi nina mume. Kesho kutwa nitampoteza kwenye mfuko wa mkoba huu, nimtafute pamoja na funguo. Niambie."

Akamwambia. Sifa za uongo zilimla, kwa hiyo kitakachomrudisha ni ukweli, aambiwe uso kwa uso, mbele ya kinyago, naye aupokee kwa kinywa chake aseme kweli. Asipoupokea haumsaidii. Onesfori alikuwa amejaribu kumrudisha yule mtani wa mti kwa gundi, ikakataa kushika. Kazi ya mtani ilitaka mtani.

"Basi nitamwambia mimi," alisema Bi Tasiana.

"Utamwambia nini, mama?"

Alifungua mdomo. "Sijui naanzia wapi," alisema. "Tangu aapishwe nimekuwa nikimwambia amependeza."

Nililisimulia jambo hilo kwa bosi wangu kama inavyotakiwa, na ninafurahi kusema kuwa taarifa yangu ndiyo iliyofungua njia, maana bila hivyo serikali isingejua kwamba kuna dawa.

Mtani wa ukoo wa kina Kashindye alikuwa mama mmoja aitwaye Nyanjige, msusi mwenye saluni nyuma ya soko. Ndiye huyo huyo wa siku ya maziko. Bi Tasiana alimfuata mwenyewe, nami nikatumwa kumsindikiza kwa ajili ya usalama wa maneno. Tulimkuta Nyanjige na kichwa cha mteja katikati ya magoti, chanuo mdomoni.

"Karibu, wifi," alisema, bila kuinuka. "Kaa hapo kwenye ndoo. Viti vyangu vina miguu mirefu, usije ukafungwa."

Bi Tasiana alikaa kwenye ndoo. Akaeleza yote, akalia, akafuta machozi, akaeleza tena. Nyanjige aliendelea kusuka, lakini vidole vyake vikawa vinapungua kasi.

"Dada Nyanjige, nakuomba. Nimetumwa na moyo wangu tu."

"Wifi, unajua tangu sheria yenu hiyo nimekaa na maneno kifuani mpaka nimepata kiungulia? Naenda msibani, naambiwa nikae na akina mama nichambue mchele. Mimi! Kuchambua mchele!" Alichomoa chanuo. "Nitakuja. Lakini nisikatizwe. Nikianza nimalize, mpaka lile la mwisho. Unalijua la mwisho."

Bi Tasiana aliinamisha kichwa. "Nalijua."

"Niahidi."

"Nakuahidi, wifi yangu."

* * *

Baraza la Mawaziri liliidhinisha Ukweli wa Muda. Ulitolewa kwa alasiri moja tu, ndani ya ukumbi wa makumbusho, na wote waliohudhuria tuligawiwa pamba za kuziba masikio ili usienee. Pamba yangu ilikuwa hafifu, nalaumu mzabuni.

Mheshimiwa aliwekwa juu ya meza, mbele ya kabati la kinyago. Alikuwa amevaa suti iliyoshonwa kwa soksi ya mtoto. Nyanjige aliingia na khanga zake mbili, akasimama, akamtazama, kisha akashika kiuno.

"He! Liberati! Umekauka hivi, mtani wangu? Paka akikuona si utaliwa ukidhaniwa dagaa?"

Kutoka mezani ikaja sauti nyembamba. "Ongea ulilokuja kuongea."

"Naongea. Bungeni unalala. Sikufichi, unalala na unakoroma, na siku ile ulivyoamka ukaunga mkono hoja iliyokuwa imeshakataliwa."

Tulisubiri. Mheshimiwa aliwaka, akatazama pembeni, akamtazama mkewe. "Kweli," alisema.

Akarefuka. Jamani, niliona kwa macho haya! Soksi ilipasuka mishono, na Bi Tasiana akamfunga khanga upesi.

"Udaktari wako ulipewa kwa kumpeleka mkuu wa chuo harusini kwa gari la wizara."

"Kweli." Akafika urefu wa mtoto wa chekechea, akashuka mezani mwenyewe.

"Ulizindua daraja pasipo mto."

"Mto uko kwenye awamu ya pili."

Hakuongezeka hata unywele. Nyanjige alimtazama tu, mikono kiunoni, mpaka yule bwana akakohoa. "Haya, kweli."

Waliendelea hivyo. Alimwambia juu ya dawa za mba anazozificha nyuma ya Katiba. Alimwambia juu ya shairi alilomsomea Mkubwa wa Wakubwa akidai ni lake, kumbe la dereva. Kila mara Mheshimiwa alichukia, akatafuna mdomo, akasema kweli, na kila mara akaja juu. Rangi ilimrudia. Mara moja hata alicheka, kicheko cha kushtukiza, na nikakumbuka kuwa sikuwahi kumsikia akicheka bila sisi.

"Na huyu hapa," alisema Nyanjige, akimwonyesha Bi Tasiana, "tangu upate bendera hujamwambia asante. Anakubeba mgongoni hadharani, Liberati. Hata mtoto hubebwa akalala, wewe unabebwa na unatoa maagizo."

Mheshimiwa alimgeukia mkewe. Alikuwa anamfikia begani sasa.

"Kweli, Tasiana," alisema. "Kweli kabisa."

Akamfikia sikioni. Bi Tasiana aliziba mdomo kwa khanga. Mimi nilijikuta nimeshika viganja vyangu vyenyewe kwa vyenyewe, sijui hata ni makofi ya aina gani yangefaa hapo.

"Limebaki moja," alisema Nyanjige, na sauti yake ilishuka. Hakuwa anacheza tena. "Mama yako, marehemu Bi Verediana. Mvua ikinyesha alikuwa anaweka sufuria juu ya kitanda, analala ameegemea ukuta. Alikutumia salamu kwa kila mtu aliyekuja mjini. Hakuomba nyumba, Liberati. Aliomba bati. Ukaja siku ya maziko, ukamjengea kaburi la marumaru, tena lenye paa. Nililala mle kaburini siku ile nikakwambia, hapa ndipo mahali pa kwanza mama yako hatavujiwa. Ukanitungia sheria."

Ukumbi mzima ulikuwa umetoa pamba.

Bi Tasiana alimshika mumewe mkono. "Baba Gaudensi," alimwambia taratibu, "sema, mume wangu. Ni neno moja. Sema twende nyumbani."

Alifungua mdomo. Naapa neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, nililiona. Kisha akatuona na sisi: bosi wangu, mshereheshaji, watu wa itifaki, kamera.

"Mwanamke huyu hana adabu," alisema Mheshimiwa. "Mtoeni."

Askari wakamtoa Nyanjige. Hakupiga kelele. Alimtazama Bi Tasiana tu, na Bi Tasiana hakuweza kumtazama.

Hapo mshereheshaji, mtu mwepesi wa kuokoa hali, aliruka kwenye kipaza sauti. "Huo ndio uongozi, mabibi na mabwana! Mtu asiyeyumbishwa! Mwana aliyemlea mama yake kuliko wana wote wa nchi hii!"

Bosi wetu akainua kidole.

Tulipiga. Nasema kweli, hatujawahi kupiga namna ile, kila mmoja alikuwa na kitu kifuani na mikono ndiyo ilikuwa njia yake ya kutokea. Mheshimiwa alitabasamu. Alipokea makofi yale kama mtu mwenye kiu, amenyoosha mikono, huku akishuka, akishuka, bado anatabasamu. Bi Tasiana alikuwa anapiga kelele, "Acheni! Acheni jamani!" na sisi tukadhani ni vigelegele, tukazidisha. Mwishowe khanga ilianguka sakafuni, na ndani yake hamkuwa na mtu.

* * *

Tamko lilitoka jioni hiyo hiyo. Mheshimiwa yupo na anaendelea na majukumu yake.

Wizara inafanya kazi vizuri. Naweza kusema hata zaidi ya zamani, kwa kuwa hakuna uamuzi unaopingwa. Ukumbini tunaingia bila viatu na tunatazama chini kabla ya kukanyaga. Kufagia ni marufuku. Nyanjige alirudishwa saluni kwake kwa masharti kwamba asuke kimya. Hafla ya Kila Siku ipo pale pale, sifa zinaelekezwa kwenye koti lililotundikwa juu ya kiti, na Mtemi wa mpingo anatutazama kutoka kwenye kabati lake, kidevu juu.

Bi Tasiana huja kila alasiri kabla hatujaanza. Hupiga magoti sakafuni, viganja chini, na kuzungumza na vigae. Mwanzo alisitasita, siku hizi ameizoea kazi. Hatumii sauti ya Nyanjige, anatumia yake. "Ulinidanganya kuhusu lile shamba," humwambia. "Hukuja nilipojifungua Gaudensi, ukatuma dereva na maua." Wengine wetu wanaona ni utovu wa adabu. Mimi nimekuwa nikisogea karibu kusikiliza, kwa ajili ya taarifa.

Juzi alilitaja lile la bati. Alilisema polepole sana, kama mtu anayemwamsha mtoto mwenye homa, na akaongeza lililo lake: "Na mimi nilijua, baba. Nilijua na nikakwambia kaburi limependeza."

Kisha akasikiliza. Nami nikasikiliza. Na kutoka kwenye ufa wa vigae, chini ya kiti, nilisikia kitu chembamba kuliko mbu.

"Kweli," kilisema. "Kweli, Tasiana. Nilimwacha avujiwe."

Bi Tasiana alitia kidole kwenye ufa, akakitoa taratibu. Juu ya ncha ya kidole palikuwa na kitu kama punje ya mtama, kisha kama punje ya hindi, kisha mtu. Alikuwa uchi, amekumbatia magoti, analia. Akamweka kiganjani akamfunika kwa kiganja cha pili, na uso wa mama yule sitauelezea, sina daraja la kuuelezea.

Aligeuka akanikuta nimesimama. Nyuma yangu wenzangu walikuwa wameshajipanga, na mshereheshaji alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti.

"Kaka yangu," alininong'oneza, "leo tu. Nakuomba. Waambie wenzako wakae kimya mpaka nifike mlangoni."

Mimi si mtu mbaya. Nilitia mikono mifukoni. Nikawageukia wenzangu nikawatazama, na sijui waliona nini usoni mwangu, maana na wao wakatia mikono mifukoni, mmoja baada ya mwingine, mpaka bosi wetu. Mshereheshaji alifunika kipaza sauti. Bi Tasiana akaanza kutembea, miguu mitupu juu ya vigae, viganja vimefumbatana mbele ya kifua. Ukumbi ulikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu ujengwe.

Alikuwa karibu na mlango kile kisauti kiliposikika, wazi kabisa, kutoka katikati ya vidole vyake.

"Mbona leo hakuna makofi?"

Bi Tasiana alisimama.

Sasa mniambie, mimi ni mtumishi wa umma, na Mheshimiwa Waziri ameuliza swali. Nilitoa mikono mifukoni. Wenzangu wakatoa ya kwao. Tulipiga vizuri, tulipiga kwa moyo, tukapiga mpaka bosi aliposhusha kidole.

Tulipomaliza, Bi Tasiana alifungua viganja vyake, mimi sikuona mtu humo, akavitazama, kisha akavifumba tena kama vilivyokuwa, akatoka navyo nje.